Shujaa Anayeweza Kila Kitu: Mwongozo kwa Waandishi wa Musoma, Bunda na Butiama

Kama unaandika riwaya au unachora katuni yenye shujaa asiyeshindwa, bila shaka umeshaambiwa umpunguzie nguvu. Rafiki anasoma kurasa tano za mwanzo, anakurudishia daftari na kukuuliza: huyu wako anapaa, risasi hazimwingii, lori analinyanyua kwa mkono mmoja, sasa mimi nihofie nini? Ushauri unaofuata unafahamika. Mpe ugonjwa. Mletee adui mwenye nguvu kumzidi. Mnyang'anye uwezo sura ya nne, umrudishie sura ya mwisho.

Mimi nakuomba usimpunguzie chochote. Wasomaji wa Kiswahili hawajawahi kumchukia mshindi. Willy Gamba wa Elvis Musiba alishinda katika kila kitabu, na watu waliendelea kuazimana vitabu vyake mpaka majalada yakachakaa. Kinachomchosha msomaji ni kazi unayompa shujaa. Ukimpa kazi inayomalizwa na nguvu, na nguvu anayo, hadithi imekwisha kabla haijaanza. Mpe kazi ambayo nguvu haiimalizi, na msomaji atakaa naye usiku kucha akitaka kujua atafanyaje.

Kazi za namna hiyo, kwa mwandishi anayeishi kati ya Musoma, Bunda na Butiama, huna haja ya kuzifuata mbali.

Mvua inyeshe kwa nani

Anza na uwezo ambao watu wa ukanda huu wameutafakari kwa vizazi vingi. Simulizi za Waikizu zinamtaja Nyakinywa, mwanamke aliyekuwa na nguvu ya kuleta mvua na ambaye kwa nguvu hiyo akawa mtemi. Kwa hiyo acha kuazima miale ya macho kutoka filamu za Marekani. Mpe shujaa wako mvua, tena mpe yote. Tumwite Bhoke, binti wa miaka kumi na tisa anayeishi Musoma na mama yake, mwanika dagaa. Akinyoosha mkono wingu linakuja, akiukunja linaondoka. Hachoki, na hakuna dawa inayomvunja nguvu.

Sasa mpeleke kazini. Ni mwezi wa Mei. Shangazi yake aliyeko Butiama alichelewa kupanda mtama, na mtama umeanza kusokota majani kwa kiu. Anaomba mvua ya siku mbili tu. Huku Musoma giza limeingia. Dagaa huvuliwa vizuri siku zisizo na mbalamwezi, kwa sababu hufuata mwanga wa taa na mwezi ukiwaka hawakusanyiki. Alfajiri mitumbwi imerudi imejaa, na mama Bhoke amenunua ndoo za dagaa kwa fedha ya mkopo wa kikoba. Amewamwaga juu ya mawe na nyavu kuukuu, na wanahitaji jua la kutwa. Mvua ikiwakuta kabla hawajakauka, wanaharibika. Mnunuzi wa dagaa wa kula hatawagusa, watauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Na marejesho ni Ijumaa.

Katika hali hiyo hakuna mkosaji. Shangazi ana haki yake na mama ana haki yake, na mwenye uwezo wa kumridhisha yeyote kati yao ni mtu mmoja aliyekaa katikati. Ukubwa wa nguvu za Bhoke haumsaidii. Unamnyima hata kisingizio, maana mtu wa kawaida angesema tu kwamba mvua ni ya Mungu.

Msomaji mjanja atakwambia: si anyeshee Butiama peke yake? Mwache afanye hivyo. Mvua ishuke Butiama tu, mtama uinuke, shangazi apige vigelegele. Jirani wa shangazi alikuwa amefyatua matofali ya nyumba ya mwanawe, matofali mabichi, bado hayajaingia kwenye tanuru. Sasa ni tope. Akisogeza wingu kidogo kuelekea Bunda, kuna pamba iliyokwisha kupasuka, na pamba ya namna hiyo haitaki maji. Hii ndiyo kanuni ninayotaka uishike kuliko zote katika mwongozo huu: kila jibu la shujaa limguse mtu mwingine mwenye haki yake. Usilete jini wala mchawi kuja kuharibu. Mfyatua matofali anatosha.

Kabla hujaandika sura, andika pembeni majina ya watu wanne wanaohitaji kitu kutoka kwa shujaa wiki hiyo, na kila mmoja mwandikie anachohitaji na siku ya mwisho ya kukipata. Kama wote wanne wanaweza kuhudumiwa bila mmoja wao kuumia, bado huna sura. Rudi ukatafute wa tano.

Ukishampata, andika mazungumzo madogo. Kwa mfano hivi:

Mama alikuwa amechuchumaa, anageuza dagaa kwa ufagio wa chelewa.

"Shangazi yako amepiga tena?"

"Amepiga."

"Umemwambia nini?"

"Sijapokea."

Mama akasogea jiwe la pili. "Mkubwa wako akipiga, pokea. Mwamkie kwanza, halafu mengine yafuate."

Bhoke akatazama dagaa, kisha akatazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja, na wote wawili walijua ni kwa nini.

Angalia kwamba mama hakuomba jua. Angeomba, Bhoke angepata nafuu, kwa sababu angekuwa na amri ya kutii. Mzazi anayejua uwezo wa mwanawe na bado hauombi, anamwachia mwanawe uamuzi wote. Msomaji wa Musoma ataielewa familia hiyo bila maelezo, kwa kuwa amewahi kukaa na mzazi wa namna hiyo siku ya kulipa ada.

Mlinzi wa mashamba yote

Sasa mpe Bhoke misuli badala ya mvua, na mpeleke Bunda, kwenye vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti na Pori la Akiba Grumeti. Huko tembo huvuka usiku na kuingia mashambani. Familia hulala shambani na tochi na madebe ya kupiga kelele. Wengine huzungushia kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili. Kumuua tembo ni kosa la jinai, na shamba likishaliwa kuna utaratibu wa serikali wa kifuta jasho, ambao hauwezi kuwa chakula cha usiku huohuo.

Mwandishi mwenye haraka atamfanya Bhoke amkamate tembo kwa mkonga na kumrusha mpaka ng'ambo ya hifadhi. Picha nzuri, kurasa mbili, mwisho. Wewe kaa naye siku kumi.

Usiku wa kwanza anasimama mpakani, anawasukuma tembo polepole warudi, jike mkubwa akiwa mbele na ndama miguuni. Kijiji kinaamka na mahindi yake yote, na Bhoke anachinjiwa kuku. Usiku wa pili kijiji cha jirani kinatuma wazee. Usiku wa tatu mwenyekiti amempangia zamu bila kumuuliza. Kufikia wiki ya pili vijana waliokuwa wakilala shambani wanalala nyumbani, madebe yamerudi kuchotea maji, na kamba za pilipili zimefunguliwa kufungia mbuzi. Hapo ndipo mama yake anaugua Musoma, Bhoke anaondoka usiku mmoja, na tembo wanakula kuliko walivyokula kabla hajafika. Asubuhi lawama zote ni zake.

Hasara hiyo imeletwa na wema wake mwenyewe, na nguvu nyingine zaidi zisingeizuia. Watu wengi wanaosoma hadithi za mashujaa hawajawahi kurusha tembo, lakini mtu aliyepata kazi mjini na kugeuka tegemeo la ukoo mzima anaujua usiku huo mmoja ambao simu yake ilizimwa. Yeye ndiye msomaji wako. Mwandikie huyo.

Mfanye shujaa afikirie pia njia ya kuondoka vizuri. Je, awafundishe vijana kuzungusha zamu? Akae kimya waone hasara mara moja ili washtuke? Kila njia ina mtu wa kulia. Tumia sura nzima hapo ukitaka, nafasi ipo.

Sindano iko mkononi mwa nani

Utaambiwa kuwa kila shujaa lazima awe na sehemu moja dhaifu. Ni kweli, nasi tunayo mifano mikubwa, lakini mara nyingi tunaisoma kwa kutazama silaha na kumsahau aliyeishika.

Chukua Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimwandikia utenzi mwaka 1913. Silaha haimpati, isipokuwa sindano ya shaba ikipigwa kitovuni. Siri hiyo adui hawakuipata kwa upelelezi. Walimtuma mwanawe mwenyewe, wakamwahidi cheo na mke, na mtoto akamuuliza baba. Shaba inamuua Liyongo, lakini kinachomkaa msomaji moyoni ni mtoto yule aliyesubiri baba yake alale. Na hata kabla ya hapo, Liyongo alipofungwa gerezani, nguvu zake hazikumtoa peke yake. Mama yake alioka mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani, na mjakazi Saada akaupeleka. Walinzi walizoea kumnyang'anya vyakula vizuri. Wa wishwa wakaudharau, wakaupitisha. Kisha Liyongo akawaimbisha watu ngoma kwa kelele kubwa ili mlio wa tupa kwenye minyororo usisikike. Hesabu watu waliohitajika kumtoa mtu asiyeshindwa: mama, mjakazi, umati wa wachezaji. Shujaa anayehitaji watu ana wapenzi, na mwenye wapenzi anaweza kuumizwa.

Karibu zaidi na nyumbani, Wajaluo, ambao kwa upande wa Mara wengi wako Rorya, wanasimulia habari za Luanda Magere, mwili wake jiwe, mikuki ikimgonga inarudi. Adui zake wa Lang'o walimpa mke. Siku moja akaugua, akamwomba mke huyo amchanje dawa, si mwilini bali kwenye kivuli chake. Damu ikatoka kivulini. Mke akarudi kwao na habari hiyo, na katika vita vilivyofuata adui wakachoma kivuli. Siri ilitoka siku ya homa, wakati ambapo hata mtu wa jiwe anataka mtu wa kumtazama. Ukitaka kuandika sura ya udhaifu, iandike hivyo: kitandani, kwa sauti ndogo, kwa mtu anayepaswa kuaminiwa.

Superman, aliyeanzishwa na Jerry Siegel na Joe Shuster mwaka 1938, anathibitisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Jiwe la kriptonaiti linalomdhoofisha halikuwepo mwanzoni. Liliingia mwaka 1943 kupitia mchezo wa redio. Ila Clark Kent, mwandishi wa habari ambaye mwanamke anayempenda hamthamini, alikuwepo tangu toleo la kwanza. Watu walimpenda kwa miaka mitano bila lile jiwe.

Kwa hiyo ukimtungia Bhoke udhaifu, usiishie kwenye kitu. Taja anayekijua, amekijuaje, na siku hiyo walikuwa wanakula nini.

Sikio la kushoto la Kaizari

Kuna kitabu ambacho mwandishi yeyote wa Butiama anapaswa kuwa nacho mezani, na aliyekileta katika Kiswahili ni mtoto wa palepale. Julius Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ikatoka mwaka 1963, wakati huo yeye mwenyewe akiwa Rais, kisha akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Isome kama fundi anavyochungulia kazi ya fundi mwenzake.

Kaizari ndiye mtu mwenye nguvu kuliko wote Roma. Kuna mahali anamweleza Antony kwamba yeye si mtu wa kuogopa. Maneno yale hayajapoa, anamwomba Antony aje upande wa kulia, kwa sababu sikio la kushoto halisikii. Basi. Hakuna anayelizungumzia tena. Shakespeare ameweka majigambo na uziwi ubavu kwa ubavu, akaondoka. Jaribu hilo kwenye kisanduku cha katuni: juu, shujaa anawaambia watoto wa Nyasho, Musoma, kuwa hakuna kitu chini ya jua kinachomtisha, chini yake, mama anaita jina lake lote, na yeye anaficha viatu vyenye matope. Usiongeze maneno ya msimulizi.

Tazama pia nani anatusimulia mapungufu ya Kaizari. Ni Cassius, anayemchukia: alivyozidiwa na maji ya mto Tiber akaomba kuokolewa, alivyotetemeka kwa homa akiwa Hispania. Tunapata habari kutoka mdomo wenye wivu, kwa hiyo tunalazimika kupima wenyewe. Mpe shujaa wako Cassius wake pale mwaloni, mtu aliyesoma naye darasa la tatu, anayesema kila siku, "Huyo tunamjua sisi." Atakueleza mengi kuliko kurasa kumi za historia ya nguvu zake. Na siku ya kifo chake, Kaizari alikuwa ameshakubali kubaki nyumbani kwa sababu ya ndoto ya mke wake. Akaja mtu akaitafsiri ndoto ile kwa sifa, akatoka. Upanga haukumtoa nyumbani, sifa zilimtoa.

Aliyeitafsiri kazi hiyo aliyajua madaraka kwa ndani. Mwalimu hakuwa shujaa wa katuni, na tafadhali usimchore hivyo, lakini maisha yake yanafundisha jinsi ya kumwonesha mkubwa bila kumdogosha. Uhuru wa Tanganyika ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962 alijiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Januari 1964 wanajeshi waliasi Dar es Salaam, na kiongozi wa nchi huru ikabidi aombe msaada wa majeshi ya Waingereza, jambo ambalo kwa mtu mwenye msimamo wake lilikuwa zito mno. Mwaka 1985 aliacha urais, akarudi Butiama kulima. Katika matukio hayo matatu msomaji anasogea karibu naye kuliko kwenye gwaride lolote. Mara mbili anaachia kitu alichoweza kushikilia, mara moja anaomba kitu ambacho hakupenda kuomba. Nenda Mwitongo, hapo Butiama, ukasimame mbele ya kaburi lake na makaburi ya wazazi wake, Mtemi Burito na Mgaya, halafu ujiulize shujaa wako ameachia nini kwa hiari tangu sura ya kwanza. Kama jibu ni hakuna, anza hapo.

Mambo madogo yanayosahaulika

Adui usimtafute sana. Mkopeshaji wa kausha damu mwenye daftari la majina anatosha, na mfanye awe na watoto anaowasomesha.

Mahali pawe mahali. Kama Bhoke anapaa kutoka Musoma kwenda Bunda, aione barabara ya Mwanza chini yake, na ziwa liwe kulia kwake. Msomaji wa hapa akikukamata umekosea upande wa ziwa, hatakuamini tena kwenye mambo ya miujiza.

Nguvu zake zitaje mapema na kwa uwazi, ukurasa wa kwanza au wa pili. Ukizificha ili uje kumshangaza msomaji mbele, atahisi umemlaghai kila shujaa anapookoka kwa uwezo mpya. Akishajua kwamba Bhoke anaweza yote, ataacha kuuliza kama ataweza na kuanza kuuliza atamchagua nani.

Lugha yake iwe ya umri wake na ya kwao. Mtu mwenye uwezo wa kusimamisha mvua bado anasema shikamoo kwa mzee wa bodaboda, bado anakatizwa na shangazi kwenye simu, bado anaambiwa asiongee huku amesimama mlangoni. Waandishi wengi huwapa mashujaa Kiswahili cha hotuba, na hapo ndipo wanapowapoteza.

Ukimaliza rasimu ya sura ya kwanza, usiipeleke kwa mwandishi mwenzako. Isome kwa sauti mwaloni, saa za alasiri, dagaa wakishakusanywa, mbele ya wanaoanika na wanaovua, na kama unaweza awepo mtu mmoja mwenye shamba Butiama au Bunda. Soma mpaka pale Bhoke anaposimama kati ya mama na shangazi, kisha funga daftari uwaulize angefanya nini. Wakikubaliana haraka, mtihani wako ulikuwa mwepesi, rudi uukaze zaidi. Wakianza kubishana, usiwaamulie. Fungua ukurasa mpya uandike wanachosema, kila mtu na neno lake, kwa sababu sura ya pili imo humo.